Mwezi wa Lyulilo

Kinachonitia kichefuchefu katika kufundisha fizikia na elimu ya anga kwa mwaka wa kwanza si hesabu. Ni data za kupikwa. Likizo ya Pasaka niliwaambia wanafunzi kila mmoja, akiwa kwao, atazame mwezi unavyochomoza na aandike saa aliyouona. Wakarudi na ripoti zinazofanana kama vitumbua vya chuma kimoja. Walikuwa wamenakili jedwali la kwenye simu. Mmoja wa Njisi, kule Kyela, eti aliuona mwezi kila jioni, wakati Kyela nzima ilikuwa inaoga masika na mpunga umelala majini! Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakufika chuo kikuu.

Binti mmoja tu, mtoto wa wafinyanzi wa Lyulilo, kando ya Ziwa Nyasa, alikuwa tofauti. Siku nyingi aliandika "mawingu". Siku zilizobaki, mwezi wake ulichelewa sana kuliko wa kwenye simu. Mhadhiri msaidizi aliyesahihisha akampa sifuri, kwa sababu haulingani na jedwali. Binti alikuwa ameshaanguka masomo mengine. Akifeli na hili, anadisko, chuo basi.

Mimi ni mzaliwa wa Ikolo, hukohuko Kyela. Nani kwetu asiyejua kwamba pale Lyulilo Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki, karibu kabisa na nyumba? Mwezi lazima uipande kwanza. Nilimweleza mkuu wa idara, akacheka. Basi tulipowapeleka wanafunzi Matema kwa mafunzo ya vitendo, nikamburuta mpaka Lyulilo pamoja na wanafunzi, binti akiwemo, tukasimama ufukweni kando ya vyungu vilivyokuwa vikisubiri soko.

Jua lilizama. Mkuu akatazama simu, akatazama mlima mweusi, akatangaza, "Umeshachomoza."

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Kisayansi, umeshachomoza."

Na wanafunzi wakaitikia kwa vichwa, watu wazima wenye macho yao! Tulikula samaki wa kuchoma tukamaliza, ndipo mwezi ukachungulia juu ya mlima. Binti alinitazama kwa furaha, nami nikajua ameokoka.

"Sawa, nimeona," mkuu akamwambia. "Lakini ripoti ikienda hivi wakaguzi watatusumbua. Iandike upya, ilingane na jedwali, nami nitakupitisha."

"Niandike nimeuona saa ambayo sikuuona, Mkuu?"

"Andika tu, mwanangu. Au unataka kudisko?"

Nilibishana naye njia nzima ya kurudi, mpaka sauti ikanikauka. Nilikuwa napigia mbuzi gitaa.

Wiki iliyofuata binti alileta ripoti mpya, safi, haina hata wingu moja. "Ndaga fijo, Mwalimu," alinishukuru, akitazama viatu vyake. Mkuu alimpa alama za juu kuliko wote, kisha akaniagiza niisome mbele ya darasa, iwe mfano.