Shingo ya Msimamizi

Juzi kanisani niliona rangi nyeusi inabanduka shingoni mwa sanamu ya shetani, yule anayekanyagwa na malaika mwenye mkuki, na papo hapo nikasikia tena harufu ya terebentini, ile dawa ya baba ya kuyeyushia rangi.

Nilipokuwa mtoto, enzi za ukoloni, baba ndiye aliyepewa kazi ya kuipaka sanamu ile upya. Mzungu aliyesimamia kazi alimpiga kofi mbele yangu kwa kuchelewa, kisha akamwonyesha shetani kwa fimbo.

"Uyu, fanya mweusi sawa na weye."

Baba alisema, "Ndiyo, Bwana," lakini hakugusa mkebe wa nyeusi. Juu ya kifuniko cha bati alichanganya nyeupe na nyekundu, kisu kikikwaruza polepole, akatia njano kidogo, na tone la kijani kwa ajili ya mishipa. Kila mara alitazama shingo ya msimamizi, aliyekaa mlangoni akivuta sigara, ametupa mgongo. Nilidhani baba anampenda. Alimpaka shetani rangi hiyo, hata baka jekundu la chini ya sikio la msimamizi hakulisahau.

Ilipokauka, akaifunika yote kwa nyeusi. Nililia, nikidhani amekosea na kazi nzuri imeharibika.

"Nyamaza, mama," alininong'oneza. "Ile nyeusi iko nguo tu. Siku moya itamutoka."

Sasa imemtoka. Baka liko pale pale, chini ya kisigino cha malaika. Padri anatafuta fundi wa kumpaka tena, nimemwambia amwache hivyo hivyo. Kila Jumapili nakaa benchi la mbele, nimwangalie akikanyagwa.