Kitenge Juu ya Kompyuta

Ile siku bado ninayo, mwanangu, ingawa wewe huwezi kuikumbuka: ulikuwa mgongoni mwangu, unanuka maziwa. Baba yako alikuwa amefariki, na ndugu zake wa Nyangezi walitaka kukuchukua ulelewe kwao. Mimi wakaniambia nirudi kwetu. Basi nikatoroka nawe, nikapanga chumba mtaa wa Kasha, ambako hakuna aliyenijua.

Nilihitaji kitambulisho. Kwenye ofisi ya vitambulisho walikuwa wamepata kompyuta ya kwanza, na watu walienda hata kuitazama tu. Mkuu wa ofisi, muzee mmoja tuliyemwita Papa Déo, aliishonea kitenge cha kuikinga na vumbi. Tulimcheka, tukasema ameioa.

Nikaandikisha jina na mahali ninapokaa, kisha wakaniingiza nyuma ya pazia nipigwe picha. Nikiwa humo nikasikia sauti ya shemeji yangu. Alimsalimia karani kwa Kimashi, wakaulizana habari za Nyangezi, maana wote wawili ni wa huko.

"Ndugu yangu, uniangaliliye tu jina moya. Ule bibi ya marehemu kaka yangu, iko anakaa wapi?"

Karani, kijana wa adabu zake, akaanza kuangalia. Mtu wa kwenu amekusalimia kwa lugha ya mama yako, utamkataliaje? Mimi nilikupa ziwa usilie. Nilijua nikikupoteza siku ile, sitakuona tena.

Kiti kikasogea. Nikachungulia penye upenyo wa pazia, nikamwona Papa Déo anaifunika kompyuta kwa kile kitenge chake.

Akamwambia shemeji: "Papa, ule mama alituambia sisi fasi anakaa. Weye hakukuambia." Halafu akamgeukia karani, pole pole: "Na hii mashini haina ndugu Nyangezi."

Shemeji akaondoka. Ndiyo maana umekua ukiniita mama.

Papa Déo hayupo tena. Nilimpelekea ndizi mara moja, akacheka, akauliza za nini. Nikipita pale ofisini natamani hata nimsikie akikohoa tu. Na jana wewe, uliyeajiriwa pale pale, ulinisimulia kwa kicheko kwamba wenzako wanapiga kwa simu picha ya skrini yenye majina na makazi ya watu na kuwatumia ndugu zao. Mimi sikucheka, uliniona.

Nisikilize basi. Aliyekupa jina lake na anapolala amekuamini wewe, si ukoo wako. Akija rafiki, akija hata tonton yako, ndugu wa baba yako, mwambie akamuulize mwenyewe. Watasema una kiburi. Waache waseme, utakula tu.

Nimekushonea kitenge, kiko juu ya meza. Mungu akulinde kwenye kile kiti, mwanangu, na kila mama aliye nyuma ya pazia akukute wewe.