Nafasi ya Mzee Ambokile Kwenye Mtandao

Mwenye kucheka na acheke. Mimi nilikuwepo, mchana kweupe, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata kikombe cha pombe.

Nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye chuo kimoja cha binafsi Sumbawanga, miaka ile vyuo vya watu binafsi vilipoanza kuota kila mahali. Mtandao wetu ulilindwa na faiawoli, kisanduku cha kununua kinachoamua nani aingie na nani azuiwe. Leseni yake ikaisha, mkuu wa chuo akagoma kuilipia tena. Nikamwambia zipo programu huria, za bure, naweza kuziweka kwenye seva zetu mbili za zamani zikafanya kazi ileile. Nilijisifu sana, niamini.

Nikachagua Jumapili alasiri, watu wakiwa makwao. Utaratibu wangu ulikuwa rahisi: zuia wote, halafu ruhusu mmoja mmoja kwa jina. Jina la Mzee Ambokile sikuliandika. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, na kwa wiki nyingi alikuwa kwao Mbeya akiugua. Nikasema akirudi nitamwongeza.

Mlango wa chumba cha seva ukafunguliwa. Ni yeye, kavaa sweta lake la kijani, mikono mfukoni. Baridi ya Ufipa unaijua, kwa hiyo sikushangaa aliponinyima mkono.

"Shikamoo mzee! Umepona?"

"Marahaba. Mbona umenifungia nje, mwanangu?"

Niliona aibu kupita kiasi. Wewe ungefanyaje? Mkubwa aliyekulea kazini anakuomba nafasi, utamhoji? Nikaliandika jina lake palepale, nikampa ruhusa ya kuingia popote, saa yoyote. Alisimama nyuma yangu mpaka nikahifadhi. Nilipogeuka kumwekea kiti, hakuwepo. Nje ukungu ulikuwa umetanda, na mlinzi wa getini akaapa hajaona mtu.

Jumatatu asubuhi tukatangaziwa msiba. Mzee Ambokile alifariki Ijumaa, na Jumapili ile alasiri ndipo walipokuwa wanamzika.

Tangu hapo, kila siku saa tisa alasiri, saa ileile aliyonijia, seva iliandika kwamba ameingia. Nikalifuta jina, kesho yake nikalikuta. Nikawasha seva ya pili iliyokuwa bado tupu, likawa ndilo jina la kwanza. Nilifuta kila kitu nikaanza upya mara nne. Nikakosa usingizi, nikakonda. Mwisho niliacha kazi bila kuaga, nikahamia Laela kufanya biashara ya mahindi. Nikajiambia yamekwisha.

Mwezi uliopita akanipigia Neema, binti niliyemfundisha kazi, ambaye ndiye aliyeshika nafasi yangu pale chuoni.

"Kaka, shikamoo. Jana umepita kama upepo, hata mkono hukunipa! Ila usijali, lile jina lako nimeshaliandika kama ulivyoomba."

Sijakanyaga Sumbawanga tangu nihame. Nilimwambia alifute. Akalifuta, kesho yake akalikuta. Sasa naye hapigi tena simu.

Nawe unayebadilisha mitambo ya kulinda mtandao wa watu, sikia: usimruhusu mtu, hata awe mzee wako, kabla hujamshika mkono. Mimi sina la kufanya tena. Siku hizi nikifika sokoni natoa mkono kwanza, nione kama utapokelewa. Juzi watu wawili walinipita.