Pampu Isiyoliona Tangi

Walisema sitaweza. "Diploma ya Dubai haiijui Matinyani," mwenyekiti wa kikundi chetu cha maji alisema, na akina mama wakacheka. Diploma ile ya umeme nilijilipia mwenyewe nikibeba saruji mchana. Sikurudi nyumbani kuchekwa.

Pampu iko bondeni, tangi liko kilimani, hakuna waya kati yao. Zamani tangi likijaa, mlinzi wake alikuwa akimpigia mtu wa pampu simu. Simu ikizima, maji yanafurika na njia nzima inakuwa tope la mavi ya punda. Nililivuka mara moja nikatapika.

Nikaifungia pampu kipima presha. Tangi likijaa, boya la ndani linaziba maji, presha inapanda, pampu inajizima mpaka kesho yake. Mimi huyo, nikatembea sokoni kifua mbele.

Siku ya tatu tangi likakauka. Chini kulikuwa na ute wa kijani na panya aliyeoza. Nikaazima maji ya kuliosha kwa majirani, mtungi kwa mtungi. Mwenyekiti alinipa miwili.

"Pampu yako inasema tangi limejaa," akasema. "Jumapili ikidanganya tena, tunarudi kwa simu."

Nikafuata bomba hadi kwenye kioski cha maji, katikati ya kilima. Mama wa zamu alikuwa akifunga koki kubwa.

"Mwaitu, mama yangu, mbona unafunga na maji ya kilimani?"

"Nafunga yote, mwanangu. Nikienda maombi nataka kuomba, si kuwaza wezi."

Basi. Presha ilipanda vilevile. Kwa pampu, tangi lililojaa na koki iliyofungwa ni kitu kimoja. Nilichojua mimi niliyesimama kilimani, nilidhani nayo inakijua. Ujinga huo wangu ulinitia kinyaa kuliko panya.

Lakini boya huziba polepole, na mkono wa mama hufunga mara moja. Nikaipanga pampu upya. Presha ikipanda taratibu, tangi limejaa, ipumzike mpaka ishuke. Ikipanda ghafla, haijui lolote kuhusu tangi. Isimame, ijaribu tena baada ya dakika ishirini.

Jumapili mama alifunga, akaenda maombi, akarudi akafungua. Pampu ikanguruma yenyewe. Jioni tangi lilijaa, na njia ilikuwa kavu.

Jumatatu nilirudisha mitungi yote. Wa mwisho alikuwa mwenyekiti.

"Umejaza hadi juu?"

"Hadi juu, mzee. Hesabu ni miwili."

Akafungua mmoja, akanusa, akaingiza yote miwili ndani.