Kofia ya Babu Siku ya Idi

Upumbavu wenyewe ni huu: nilivaa kofia ya marehemu babu, nikajipenyeza kwenye sinia katikati ya wajomba zangu wawili, nikakohoa kama yeye.

Kwetu mjukuu ana ruhusa. Bibi huniita mume wangu, na ukishakuwa mume wa bibi, wajomba ni wanao, unawatania utakavyo. Hata matangani kwa babu, sisi wajukuu ndio tuliovaa kanzu zake na kutembelea mkongojo wake mpaka waliokuwa wakilia wakacheka. Niliongoza mimi. Sikuwa mgeni wa kazi hiyo.

Idi hii ndiyo ya kwanza ukoo kukutana tena, hapa Quitunda, kwenye nyumba ya matofali aliyopewa bibi walipohamishwa kupisha mradi wa gesi. Mjomba mkubwa aliingia jana yake kwa chapa, kibasi cha abiria, kutoka mji wa Pemba, si kile kisiwa, miguu imemvimba. Hakuwepo kwenye maziko ya babu, na tangu hapo yeye na mjomba mdogo hawasemezani. Mama alikuwa na haja moja tu: ndugu zake wazungumze. Ndiyo maana akawapakulia sinia moja, wali wa nazi na samaki. Eti huwezi kula sinia moja na mtu uliyemnunia. Wao waliweza. Walichota kila mmoja upande wake, kimya, kama wanafunzi kwenye mtihani wa Kireno.

Nikaona hapa anatakiwa fundi.

"Nani kanilia kichwa cha samaki?" nikauliza kwa sauti ya babu.

Bibi akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Mume wangu, umerudi!" Mjomba mdogo akageuza uso kuficha meno. Hata mjomba mkubwa akatabasamu. Ningeishia hapo. Lakini mimi nikichekewa kichwa huvimba, nikamgeukia mkubwa:

"Na wewe, mwanangu, siku ya kunizika ulikuwa wapi?"

Mkono wake ukabaki juu ya wali.

"Nilifika mpaka Olumbi," akasema. Hakunijibu mimi, alikuwa anamtazama mdogo wake. "Njia imefungwa, askari hawapitishi mtu. Nikalala pale, nikarudi."

"Si ungepiga simu, kaka."

"Nikwambie nini? Kwamba nimeshindwa kumzika baba?"

"Ungesema hata hilo! Mimi kaburini niliingia peke yangu. Watu wananiuliza, kaka yako yuko wapi? Ningewajibu nini?"

"Basi hesabu na leo sikuja."

Akanawa, akavaa kandambili, akatoka. Mjomba mdogo alinyanyuka nusu, akakaa tena. Donge la wali alilokuwa amelifinyanga akalirudisha kwenye sinia.

Nilitaka wazungumze, wakazungumza. Sasa nimekaa katikati yao, upande mmoja hauna mtu, na kofia bado iko kichwani. Matangani tulimwigiza babu baada ya watu kulia. Mjomba mkubwa hajawahi kulia nasi hata siku moja, nami nikamwanzia na kicheko. Hilo sikulifikiria. Bibi alikuwa ameuokota mtandio wake, akijifuta nao macho.

Mama akatoka jikoni, mikono imejaa machicha ya nazi. Nikasogeza shavu, nikijua kofi linakuja. Alitazama mlangoni kwanza, kisha akasema:

"Vua kofia ya baba. Na hilo sinia usilitoe, lifunike. Kaka yangu hajashiba."