Dakika Mbili za Turbo

Mimi ni mwalimu hapa Githongo, na kisa hiki afadhali mkisikie kwangu kabla ya kukisikia sokoni.

Niliponunua kagari kadogo ka petroli kenye turbo, kile kifaa cha kuiongezea injini nguvu, Fundi Mwenda alinionya: "Mwalimu, ukishapanda huu mlima, usizime injini papo hapo. Iache dakika mbili turbo ipoe. La sivyo oili itaungulia ndani, halafu uje kulia kwangu."

Basi kila Jumapili nikifika kanisani, kule juu mlimani, nilibaki kwenye usukani, injini ikinguruma, macho nimeyafumba kwa uchovu wa kusahihisha mitihani. Akina mama wakipita waliwanyamazisha watoto: "Nyamazeni, mwalimu anaomba."

Ningewaambia ukweli, lakini heshima ni tamu. Jumapili ya pili nikainamisha kichwa. Ya tatu nikaanza kuchezesha midomo.

Juzi pasta akanisimamisha mbele, nipendekezwe kuwa mzee wa kanisa. "Ndugu huyu," akasema, "haingii humu kabla hajaongea na Mungu ndani ya gari." Watu wakaitikia amina. Nami nikainamisha kichwa, kwa mazoea.

Pasta akauliza kama kuna mwenye ushuhuda. Fundi Mwenda, aliyekuja kwa ubatizo wa mjukuu wake, akasimama kule nyuma, uso umejaa furaha.

"Pasta, hizo dakika mbili nilimpa mimi, za kupoza turbo! Hongera Mwalimu, wengi huwa hawafuati. Lakini leo nimekuona pale nje ukichezesha midomo. Hiyo ya midomo ulielekezwa na fundi gani?"