Kamera Ndani ya Ndoo

Ukitaka jembe Ngara mjini utalipata. Ukitaka kitenge, betri za redio, hata dawa ya mizizi ya kutuliza tumbo, hukosi. Lakini Bwana Yohan, mzungu mtaalamu wa maji katika shirika moja la misaada, hakutaka hayo. Siku hiyo ya mwaka 1997 aliingia katika studio ya Eustakia, akavua kofia, akasema anatafuta kamera ya kupigia picha chini ya maji.

Eustakia alimtazama kama mtu aliyeuliza bei ya mvua. Ngara ni milima mitupu. Maji yetu ni mto, na mto wenyewe una rangi ya udongo mwaka mzima. Hata ungezama na kamera ya dhahabu usingeona kidole chako mwenyewe. Bwana Yohan akajieleza kwa Kiswahili chake cha kudunduliza. Alikuwa anakwenda likizo Kisiwa cha Mafia, wiki mbili za kupiga mbizi, na kamera aliyoagiza kwao ilipotelea njiani. Ameulizia Mwanza na Dar es Salaam, hakuna. Safari ni Jumamosi.

Mtu mwenye haraka zake angempa pole na kumwonyesha mlango. Eustakia alisema atatafuta. Huo ndio uliokuwa udhaifu wake, kama ni udhaifu: kila aliyeingia pale alitoka na ahadi, na ahadi ikishatoka kinywani mwake ilimnyima usingizi mpaka itimizwe.

Mjini walimwita Mama Picha. Alizaliwa Bugarama kwenye migomba, akaolewa na fundi picha, na fundi huyo alipofariki alimwachia kamera mbili, mabeseni matatu na chumba cha giza kisicho na dirisha. Wakwe walimshauri auze vyote arudi kulima. Badala yake alijifungia chumbani humo wiki mbili akiharibu filamu moja baada ya nyingine, na wiki ya tatu akatoka na picha ya paroko yenye kichwa chote na masikio yote mawili. Wakwe hawakurudia tena habari ya jembe.

Kisha wakimbizi wakavuka mpaka, kwanza Warundi, halafu Wanyarwanda, halafu Warundi tena, na milima tuliyochungia mbuzi ikageuka miji ya maturubai. Katika msukosuko ule watoto wengi walitengana na wazazi wao. Ofisi ya kutafuta ndugu ilimpa Eustakia kazi ya kuwapiga picha. Alimkalisha mtoto kwenye kigoda, akamwuliza taratibu kwa Kihangaza, ambacho mtoto wa Kirundi anakielewa bila shida, na nyuma ya picha akaandika alichosikia. Mmoja alijua jina la mbwa wao tu. Mwingine alisema mama amebaki kufunga mlango. Kulikuwa na binti wa miaka mitatu au minne aliyejiita Dede, aliyesema bibi yake amelala njiani hakuamka, na baba yuko ndani ya ziwa na samaki.

Picha zilikwenda katika masanduku mawili. La kwanza lilikuwa la wanaotafutiwa wazazi, na hao walibandikwa kwenye mbao za kambini. La pili lilikuwa la wale ambao wazazi wao walijulikana kuwa wamekufa. Hao hawakubandikwa, walitafutiwa kaya za kuwalea. Eustakia ndiye aliyeandika, na kwa maandishi yake ofisi iligawa. Hakulia mbele ya watoto. Alilia katika chumba cha giza, kwa sababu hakuna anayethubutu kufungua mlango wa chumba cha giza.

Basi Jumatano alikwenda kambi ya Lukole, kwenye soko la wakimbizi, maana watu waliokimbia na walichokishika mkononi huwa wameshika vitu vya ajabu. Alikwishaona pale cherehani isiyo na meza na saa ya ukutani ya kanisa. Aliuliza kwa wauza mihogo, akauliza kwa vinyozi, wakamcheka bila ubaya. Mwishowe mama mmoja muuza mawese alimwelekeza kwa mtu waliyemtania kuwa ni samaki, kwa sababu alidai kwao alifanya kazi chini ya maji.

Mtu huyo aliitwa Ntirampeba. Alikuwa na miaka thelathini hivi, kifua kipana, sauti ndogo. Alimwamkia Eustakia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamkaribisha penye kivuli cha turubai lake. Eustakia alipotaja kamera ya chini ya maji, yule mtu alinyanyuka. Akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa katika fulana, chenye uzito wa tofali.

Ilikuwa kamera yenyewe. Ntirampeba alisimulia kwamba alikuwa mzamiaji Rumonge, katika Ziwa Tanganyika, kwa mzungu aliyekuwa akiuza nje samaki wadogo wa rangi, wale wanaofugwa kwenye vioo. Alizama, akawakamata kwa wavu mmoja mmoja, na kabla ya kuwakamata akawapiga picha mahali wanapoishi. Vita ilipoanza tajiri alikimbia kwa ndege, akamwachia kamera. Hakuwa tayari kuiuza. Lakini kuiazima, alisema, hapo hana neno. Kamera ile ilimsikitisha ikikaa kavu. Mzungu aende nayo baharini, airudishe.

“Miaka minne nimeipaka mafuta kila Jumapili,” alisema, akionyesha ule mpira mwembamba unaozuia maji kwenye maungio. “Samli safi ya ng’ombe.”

Kwao na kwetu kitu cha thamani hupakwa samli: ngozi, ngoma, mwili wa bibi harusi. Eustakia mwenyewe angefanya vivyo hivyo. Na kwa kuwa hakuna mzamiaji anayeisifia kamera yake kwa maneno matupu, Ntirampeba aliagiza ndoo ya maji, akaizamisha kamera mpaka chini, akamtazama mgeni kwa fahari.

Mapovu yakaanza kutoka, membamba, yakifuatana. Samli ilikuwa imeula ule mpira taratibu kwa miaka minne, ukavimba na kulegea, na maji yakapita kama mwenye nyumba. Eustakia alikuwa karibu kumpa pole. Ndipo alipoona uso wa yule mtu umekuwa wa majivu.

Ndani ya kamera mlikuwa na filamu. Mlikuwa nayo tangu Rumonge. Juu yake kulikuwa na samaki wengi na picha chache za mwisho za binti yake Odeta, alizompiga ufukweni mtoto alipokuja kumtembelea. Mama wa mtoto alikwishafariki, na mtoto alilelewa na bibi yake kule Muyinga. Vita ilipofika huko Ntirampeba alikwenda kuwatafuta, akakuta majivu, akafuata njia waliyopita watu mpaka akajikuta Lukole. Ofisini aliulizwa kama ana picha ya mtoto. Alisema hana. Hakuwa na picha nyingine duniani, na hii aliogopa kuipeleka kwa fundi yeyote, maana filamu ikifunguliwa ikakutwa imekufa, ndiyo basi. Ikiwa imefungwa, mtoto yumo. Kabla ya kuiazima kamera alikusudia kuitoa filamu na kubaki nayo vile vile, bila kusafishwa.

Akaanza kuitoa kamera majini aifute. Eustakia alimshika kiganja kwa nguvu ambazo hakujua anazo.

“Usiitoe. Ukiikausha inagandamana, hutapata hata jicho. Filamu ikishalowa inabaki kwenye maji mpaka ifike kwenye dawa.”

Hilo alilijua vizuri, tangu zile wiki mbili za kuharibu. Alilojua pia ni kwamba dawa ziko Ngara mjini, na Ntirampeba hawezi kutoka kambini bila kibali, na kibali ni suala la siku kadhaa. Wakatazamana juu ya ndoo. Mtu alitakiwa kumkabidhi mgeni wa saa moja kitu pekee alichokuwa nacho, nacho kinavuja. Alimwuliza swali moja tu, kama amewahi kuiokoa filamu iliyolowa. Eustakia angeweza kumdanganya kwa wema. Alisema amewahi kuokoa moja na kupoteza tatu.

Labda huo ukweli ndio uliomfanya yule mtu akubali. Alimfumba macho kwa kitambaa cha kichwani cha Eustakia mwenyewe, akamwingiza mikono ndani ya ndoo, akamfundisha: kwanza lenzi, robo mzunguko kushoto, halafu kitasa cha nyuma, halafu kidole gumba hapa. Walirudia mara tano, kwa kupapasa tu, bila kufungua kitu, mpaka vidole vya Eustakia vikaijua ile kamera kama vinavyoujua mfuko wa gauni lake. Wapita njia walidhani wanaombeana.

Celestini, dereva wa boza la maji la Bwana Yohan, alimpakia mbele. Eustakia alipakata ndoo mapajani njia nzima, akamkaripia Celestini kwenye kila shimo, na mengine kabla hawajayafikia. Alipofika mjini gauni lilikuwa limelowa mpaka magotini, lakini ndoo ilikuwa bado imejaa robo tatu.

Katika chumba cha giza hakuhitaji kitambaa. Lenzi, kitasa, kidole gumba. Filamu ilitoka laini kama utumbo wa kuku, akaipitisha kwenye dawa polepole akisali rozari ili kupima dakika. Mumewe ndivyo alivyopima, na saa ya ukutani huioni gizani. Alipowasha taa aliona samaki. Samaki wenye mistari, samaki anayechungulia kwenye jiwe, samaki aliyeliwa nusu na doa la maji. Picha tano za mwisho, nne zilikuwa zimebanduka kabisa. Moja ilibaki. Aliichapa kwenye karatasi, akaitazama ikijitokeza ndani ya beseni: kwanza kitu cheusi cha duara, kikubwa, kinachong’aa. Halafu chini yake pua, na kinywa kinachocheka.

Mtoto alikuwa amevaa miwani ya kuzamia ya baba yake, ameipandisha kwenye paji la uso, nayo inataka kumwangusha kwa uzito.

Eustakia alikaa kwenye kigoda chake. Baba yuko ndani ya ziwa na samaki. Alisikia ile sauti kama vile mtoto yumo chumbani. Alikwenda kwenye sanduku la pili, la waliokufa wazazi, akapekua mpaka akampata Dede, binti asiyecheka, aliyetazama pembeni. Pua ilikuwa ile ile, na Dede ni Odeta anavyotamkwa na mtoto mdogo. Akageuza nyuma, akasoma mwandiko wake mwenyewe: Baba alikufa maji.

Nani hapa kwetu angeandika vingine? Sisi mtu akisema fulani yuko ndani ya ziwa tunaanza kutafuta sanda. Hatukuwahi kusikia kwamba duniani kuna mtu anayeingia ziwani asubuhi na kurudi jioni kula ugali, na kwamba hiyo ni kazi. Mtoto alisema kweli tupu, na mtu mzima akamrekebisha. Miaka mitatu baba alisoma mbao za kambi zote akimtafuta mwanawe, na mwanawe alikuwa amefungiwa kwenye sanduku kwa maneno matatu. Eustakia alilia siku hiyo kwa sauti, na hakujali nani anasikia.

Alimtuma Celestini kwa Ntirampeba na neno moja, kwamba filamu imepona kidogo, avumilie. Zaidi hakuthubutu, alikwishaandika uongo mara moja na hakutaka kusema wa pili. Bwana Yohan aliposikia habari za mpira alicheka, akaenda kwenye ghala lake la pampu, akarudi na mpira wa unene ule ule. Wakaikausha kamera, wakaizamisha ndani ya pipa, na hakuna povu hata moja lililotoka. Jumamosi aliondoka nayo, akaapa kwamba itarudi mikononi mwa mwenyewe.

Jumamosi hiyo hiyo Eustakia alipanda gari la ofisi kwenda Kaniha, wilaya ya Biharamulo, safari ya nusu siku. Dede alikuwa amepewa kaya ya Ildefonsa, mkulima mjane aliyezaa wanaume watupu. Walimkuta uani anapukuchua maharage pamoja na mtoto mrefu wa miaka saba, aliyekuja kupiga goti na kusema shikamoo. Eustakia alimweleza Ildefonsa pembeni. Yule mama hakubisha. Aliuliza tu kama hakuna shaka, akajibiwa kwamba mwenye kuondoa shaka ni mtoto, akafuta mikono kwenye kanga muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alimpenda yule binti, na ilimuuma.

Mtoto alipewa picha. Aliitazama bila kujitambua; alikuwa hajawahi kuona sura yake ya utotoni. Eustakia alianza kufa moyo. Kisha kidole chembamba chenye vumbi la maharage kikapanda taratibu, kikaupita uso, kikatua kwenye kile kioo cha duara.

“Hii ni ya baba,” alisema.

Ildefonsa alikuwa ameinamia ungo. Mtoto aliwatazama mmoja mmoja, akiwa anasubiri, kama aliyewahi kusema jambo zamani na watu hawakumsikiliza.

“Kumbe ametoka majini?”

“Ametoka, mwanangu,” alisema Eustakia. “Ametoka siku nyingi. Mimi ndiye niliyechelewa kukuambia.”